Kibaba Kilitoka Wapi

Saa kumi na moja alfajiri, kando ya ziwa la Furnas,
nafukia sufuria yangu ardhini:
kabichi, magimbi, mguu wa nguruwe,
soseji ya damu niliyokaza uzi wake kwa meno.
Eduína, mwanangu wa ubatizo, anafukia vichupa.
Kumi na viwili, vyembamba kama vidole vya mtoto,
ndani yake maji ya mvua na unga mweupe
alioupima kwa mizani inayoogopa pumzi.

"Hujatia chumvi," namwambia.
"Chumvi ikizidi huharibu."
Basi, hapo tumeelewana.

Moto wetu ni mmoja na hauna kuni.
Unapanda kutoka chini, unanuka yai viza,
umekula soli za viatu vyangu tangu nilipofiwa na Serafim.

Anaeleza huku akipangusa miwani:
kabla ya nyasi, kabla ya kuvu, kabla ya chochote chenye njaa,
huenda palikuwa na madimbwi kama haya.
Mvua inajaza, joto linakausha,
mvua inajaza.
Dimbwi likikauka, vipande vilivyokuwa vikielea kila kimoja kivyake
vinabanana, vinashikana,
uzi unarefuka.
Hiyo si ajabu, nikamwambia, hiyo ni Azori:
hapa tunalowa mara nne kabla ya chakula cha mchana,
nguo zangu kambani zimelihitimu somo hilo.

Akaniambia pia habari ya jiwe
lililoanguka Australia kutoka angani, yeye hajazaliwa bado.
Walipolisaga wakakuta ndani yake baadhi ya matofali
yaleyale yanayojenga nyama ninayoifukia kila siku.
Nikatazama sufuria. Nikatazama juu.
Nilikaa kimya kwa muda wa kumenya kitunguu.

Haba na haba hujaza kibaba. Sawa.
Lakini kibaba chenyewe, nikauliza, kilitoka wapi?
Kabla ya mfinyanzi, kabla ya mkono,
nani alizizuia hizo haba zisitawanyike ziwani?

Akacheka hadi miwani ikaanguka.
"Mama, nimelipia karo ya miaka sita kwa swali hilo."

Saa tano na nusu tunafukua.
Watalii wanaipiga picha sufuria yangu ikitoa mvuke;
vichupa havipigwi picha na mtu.
Anaweka tone moja chini ya hadubini,
juu ya meza ya mgahawa, kati ya siki na mkate.
"Chungulia."

Viduara. Vingi, vinatetemeka,
kama mafuta juu ya mchuzi, ila hivi vina uwazi ndani.
Kimoja kimebeba kingine tumboni.
Hakuna aliyevishona: mafuta yameyakimbia maji,
yakapanga safu, yakajifunga yenyewe.

"Vina uhai?"
"Hapana." Haraka, kama mtu anayezuia mlango.
"Hii ni ngozi tu. Ngozi isiyo na mwenyewe.
Uzi uko kwenye chupa nyingine, na uzi wangu ni mfupi.
Kuna kazi ya kuviunganisha, kuna kula, kuna kuzaa,
na hakuna jiko duniani lililowahi kupakua sahani hiyo nzima."

Nilimwosha Serafim mwenyewe, Februari ile.
Ngozi ilikuwepo. Maji, chumvi, chuma cha damu.
Kila kiungo mezani,
na mlo haupo.
Njia hiyo ya kushuka naijua hatua kwa hatua.
Kwamba siku moja, mahali fulani, kitu kiliipanda,
kikiteleza, kikirudi nyuma, bila mtu wa kukiita jina,
sikuwahi kuwaza. Nimeshika ukingo wa meza.

Mvua imeanza tena.
Eduína anakula gimbi kwa mkono wa kushoto,
wa kulia unaandika: *cha saba, viduara vingi;
cha nane, hakuna kitu; cha tisa, kimepasuka.*

Anaomba shimo langu la tatu kwa wiki nzima.
Nimempa mpaka Jumamosi.
Jumapili nina wageni arobaini.